Jinsi ya kuendesha kura ya imani katika bunge la kijinchi

Kijinchi chetu kiliwahi kuwa na mawaziri wakuu wawili kwa siku nne. Hapakuwa na mapinduzi wala hila. Tangazo la Spika lilisema kura za imani zitafungwa "Jumapili saa 2 usiku", basi. Sisi wa Tanga na Mombasa tulijua ni saa mbili, wakati wa taarifa ya habari. Mheshimiwa mmoja aliyeko Minnesota, aliyekwisha kuzoea saa za huko, akaelewa ni 02:00, usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Saa mbili ilipotimia nilihesabu, mimi nikiwa karani wa Bunge: hapana 6, ndiyo 5. Serikali imeanguka. Spika akamtangaza waziri mkuu mpya, kundi letu la mtandaoni likajaa pongezi na picha za maua. Saa nane kasoro dakika kumi usiku ikaingia kura kutoka Minnesota: ndiyo. Sita kwa sita. Na katiba yetu, kurasa 11 zenye wimbo wa taifa na maelezo marefu ya rangi za bendera, haikuwa na neno hata moja kuhusu kura zikilingana.

Haya yafuatayo ni kwa yeyote mwenye bunge la namna hiyo na asiyetaka kupitia tuliyopitia. Kijinchi, kwa aliye mgeni wa jambo hili, ni taifa la kujitangazia: watu kadhaa wana bendera, katiba na vyeo, lakini hakuna dola inayowatambua. Vingine havihitaji somo hili. Sealand, ile ngome ya vita katikati ya bahari nje kidogo ya pwani ya Uingereza, imekuwa mikononi mwa familia ya Bates tangu 1967. Molossia huko Nevada ina rais mmoja, Kevin Baugh, anayejiita dikteta huku akitabasamu. Huko humwulizi mtu imani. Nazungumza na wale waliochagua njia ngumu zaidi, yaani serikali inayowajibika kwa bunge.

Hatua ya kwanza: chagua nani atauliza swali

Njia ni tatu. Mbunge anaweza kuleta hoja ya kutokuwa na imani. Serikali yenyewe inaweza kuomba kura ya imani ili ijue kama bado inabebwa. Au swali linaweza kujiuliza lenyewe kila baada ya muda fulani, bila mtu kulileta.

Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipendekeza, na sikuibuni mimi. Ni ya Talossa. Ufalme huo ulianzishwa tarehe 26 Desemba 1979 na Robert Ben Madison, kijana wa miaka 14, aliyekitangaza chumba chake cha kulala mjini Milwaukee kuwa nchi huru iliyojitenga na Marekani. Jina lenyewe ni neno la Kifini lenye maana ya "ndani ya nyumba". Mfalme huyo wa chumbani aliwatungia watu wake lugha kamili, na mambo yalipohamia kwenye intaneti katika miaka ya 1990 wakaanza kuja raia ambao hawajawahi kuiona Milwaukee. Bunge lao, Ziu, lina nyumba mbili: Cosa yenye viti 200, na Senäts yenye maseneta 8, mmoja kwa kila mkoa. Usidhani kuna watu 200 wanaokaa Cosa. Vyama hugawana viti kulingana na kura za uchaguzi, na mbunge mmoja hushika viti kadhaa, kwa hiyo kura yake huwa na uzito wa viti alivyonavyo.

Miswada yao hukusanywa katika waraka wa kila mwezi unaoitwa Clark. Mbunge huupitia na kujibu mswada kwa mswada: anaafiki, haafiki, au hana upande. Katika waraka huohuo mbunge wa Cosa hukuta swali moja ambalo halikosekani: je, unataka serikali iliyopo iendelee? Ndiyo au hapana. Hapana zikizidi ndiyo, Cosa huvunjwa na uchaguzi huitishwa. Maseneta hawaulizwi, kwa sababu serikali haitoki kwao.

Wengi huuona utaratibu huo kama mzaha wa watu wenye muda mwingi. Mimi nauona una akili kuliko wa mabunge mengi makubwa, na sababu ni ya kibinadamu tu. Katika kijinchi kila mtu ni rafiki, jirani au shemeji wa mwenzake. Waziri mkuu wetu wa kwanza alikuwa amemwoa dada yake Spika. Sasa nani atasimama na kusema "naomba kutoa hoja kwamba Bunge halina imani na shemeji yako"? Atakayesimama ataonekana adui hata kama hoja yake ni ya haki, na asiposimama mtu serikali iliyolala italala mwaka mzima. Swali likiwa limechapwa kwenye karatasi ya kura ya kila mwezi, hakuna aliyelileta, na asiyeridhika huweka alama yake bila kumnyooshea mwenzake kidole.

Ubaya wake ni mazoea. Mwezi wa nne mtu anajaza ndiyo kama anavyojaza tarehe. Dawa niliyoiona ikisaidia ni kumdai waziri mkuu ripoti ya aya moja juu ya swali lenyewe: mwezi huu serikali imefanya nini. Aya ikiwa tupu, kila mtu anaiona.

Hatua ya pili: andika unahesabu nini

Hapa ndipo vijinchi vingi huvunjika, na wala si kwa ubaya wa mtu. Katiba inasema "serikali itaanguka ikikosa imani ya wabunge walio wengi". Wengi wa nani? Chukua bunge la viti 20. Ndiyo 7, hapana 6, wasio na upande 3, na wanne hawakuonekana kabisa. Serikali imesimama au imeanguka?

Kwa kanuni ya mtindo wa Talossa, yaani hapana zishinde ndiyo, serikali imesimama, maana 7 ni nyingi kuliko 6. Kwa kanuni inayotaka ndiyo zipite nusu ya kura zilizopigwa, kura zilizopigwa ni 16, nusu yake ni 8, zinatakiwa 9, kwa hiyo serikali imeanguka. Kwa kanuni ya tatu, ya kutaka hapana zifike zaidi ya nusu ya wabunge wote, zinatakiwa hapana 11, na kwa kuwa zipo 6 tu serikali imesimama tena, safari hii bila hata jasho. Kura ni zilezile na watu ni walewale. Mkianza kubishana juu ya maana ya "wengi" baada ya kuhesabu, kila mmoja atachagua tafsiri inayompa ushindi, na nyote mtakuwa na hoja.

Katiba ya Tanzania imechagua ule upande mgumu: ili Waziri Mkuu aondolewe, hoja iungwe mkono na wabunge walio wengi kati ya wabunge wote, si wengi wa waliohudhuria. Kwa nchi yenye bunge linalolipwa posho inafaa. Kwa kijinchi ambacho theluthi ya wabunge huingia kundini mara moja kwa mwezi, kanuni hiyo maana yake ni kwamba serikali haiondoki milele. Ninyi hesabuni hapana dhidi ya ndiyo, wasio na upande wasiguse mizani, lakini wekeni akidi: kura isihesabiwe kabisa kama hawajashiriki angalau nusu ya wabunge. Asiye na upande ahesabiwe katika akidi, kwa sababu amekuja na amejibu. Aliyenyamaza asihesabiwe.

Na kura zikilingana? Andikeni sentensi moja tu: kura zikilingana, serikali inabaki. Ni desturi ya Westminster pia, yaani bunge la Uingereza, ambako Spika akilazimika kupiga kura ya uamuzi huegemea hali iliyopo. Mnaweza kuandika kinyume mkitaka, mradi kiandikwe kabla hamjajua nani atafaidika.

Hatua ya tatu: panga habari ya watakaokosekana

Serikali ya kijinchi mara nyingi haiuawi na wapinzani. Huuawa na mtu aliyeishiwa bando. Ukitaka kujua uzito wa mtu mmoja asiyekuwepo, soma usiku wa tarehe 28 Machi 1979 mjini London.

Serikali ya Waziri Mkuu James Callaghan ilikuwa ikipigiwa kura ya kutokuwa na imani. Mbunge wake mmoja, Sir Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa mahututi kwao Yorkshire. Alikuwa tayari kuletwa na gari la wagonjwa, lakini palikuwa na hofu kwamba angefia njiani, na Callaghan akakataa. Sasa, bunge lile lina mtindo wa kuungana jozi: mbunge wa serikali asiyeweza kuja huunganishwa na mbunge wa upinzani, wote wawili wasipige, mizani ibaki palepale. Walter Harrison, naibu mnadhimu wa serikali, akamwendea mwenzake wa upinzani, Bernard Weatherill, kumkumbusha ahadi hiyo. Weatherill akamjibu kwamba jozi haihusu kura kubwa kama ile na hakuna mbunge wa chama chake atakayekubali. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake, akajitolea mwenyewe kutopiga kura. Harrison alijua hilo lingemmaliza Weatherill kisiasa. Akamsamehe, wakaachana. Matokeo yakasomwa: 311 kwa 310. Serikali ikaanguka kwa kura moja, uchaguzi ukaitwa, na Margaret Thatcher akaingia madarakani. Broughton alifariki siku chache baadaye.

Kwenu ninyi hakuna gari la wagonjwa, kuna umeme wa kukatika. Kwa hiyo ruhusuni kura ya mapema: mbunge anayejua atakuwa safarini amtumie karani kura yake kwa maandishi kabla ya dirisha kufunguliwa. Ruhusuni jozi pia, kwa sharti kwamba wote wawili wamwandikie karani, kila mmoja kwa namba yake. Lakini kataeni kabisa kura ya "kaniambia nimpigie". Mheshimiwa mmoja kwetu alileta kura tatu za ndugu zake siku moja, zote zina kosa lilelile la tahajia.

Dirisha la kura liwe siku kadhaa. Siku saba zinatosha. Kikao cha saa moja, hata kikiwa cha video, kinampa ushindi mwenye intaneti nzuri.

Hatua ya nne: hoja na masharti yake

Hata mkifuata mtindo wa kila mwezi, acheni mlango wa hoja ya dharura, maana waziri mkuu anaweza kuiba hazina tarehe 2. Hapa hamna haja ya kubuni. Ibara ya 53A ya Katiba ya Tanzania ina masharti yaliyofikiriwa vizuri na yanaweza kupunguzwa yawaenee: taarifa ya maandishi yenye sahihi za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wote, ifike kwa Spika angalau siku 14 kabla ya kuwasilishwa, hoja isiletwe kabla Waziri Mkuu hajatimiza miezi sita tangu ateuliwe, na ikishindwa, nyingine isiletwe mpaka ipite miezi tisa.

Sharti la siku si pambo. Aprili 2012 Zitto Kabwe alipokusanya sahihi za kumwondoa Waziri Mkuu Mizengo Pinda, sahihi zilipatikana, kilichokosekana ni hizo siku 14, kwa kuwa mkutano wa Bunge ulikuwa ukielekea ukingoni. Wakati ule niliona ni ujanja wa kanuni. Tangu niwe karani nimebadili mawazo kidogo, kwa sababu hasira ya kundi la mtandaoni huchemka Ijumaa usiku na Jumatatu imekwisha poa. Kwa kijinchi, siku 14 ni nyingi. Wekeni siku tatu, sahihi za robo ya wabunge, na hoja moja tu kwa miezi mitatu dhidi ya serikali ileile.

Maneno yenyewe yawe haya au yanayofanana na haya:

"Mheshimiwa Spika, kwa mujibu wa kifungu cha … cha Katiba, naomba kutoa hoja kwamba Bunge hili halina imani na Serikali inayoongozwa na Mheshimiwa …, kwa sababu zifuatazo: … Naomba kutoa hoja."

Sababu ziwe vitendo vyenye tarehe. "Hakujibu maombi manne ya uraia tangu Januari" ni sababu. "Ana dharau" siyo. Spika asikatae hoja kwa kuwa haipendi, kazi yake ni kuangalia sahihi, siku na muundo tu. Waziri mkuu ajibu mara moja, kwa maandishi, na mtoa hoja ahitimishe mara moja. Mkiruhusu mjadala wa bure mtaamka mna ujumbe 400 ambao nusu yake ni vibonzo.

Hatua ya tano: saa

Sitachoka kuisema hii. Kiswahili kina saa zake, simu zina saa zake, na wabunge wenu wako Muscat, Lubumbashi, London na Minneapolis. Andikeni saa mara mbili, kwa maneno yetu na kwa tarakimu za saa 24, halafu mtaje ni saa za wapi. Tangazo letu la sasa lina sura hii:

"Kura zitafunguliwa Jumatatu saa 3:00 asubuhi (09:00) na kufungwa Jumapili saa 2:00 usiku (20:00), saa za Afrika Mashariki. Kufungwa kwake Muscat ni saa 3:00 usiku (21:00). Lubumbashi saa 1:00 jioni (19:00). London, majira ya baridi, saa 11:00 jioni (17:00). Minneapolis, majira ya baridi, saa 5:00 asubuhi (11:00). Saa inayohesabika ni ile inayoonekana kwenye simu ya karani."

Sentensi ya mwisho ina ukali wake, najua. Ila lazima saa moja iwe ya mwisho. Na Ulaya na Marekani wakisogeza saa zao mbele, usisahau kubadilisha mistari miwili ya chini. Mwezi Machi hunishinda mpaka leo, kwa sababu hawasogezi katika wiki ileile.

Hatua ya sita: wazi au siri

Wabunge wataomba kura ya siri ili wasigombane. Wakatalieni, kwa upole. Mbunge amechaguliwa na watu, na watu wana haki ya kujua alisimama wapi.

Siri pia ina soko lake. Tarehe 27 Aprili 1972 mjini Bonn, Ujerumani Magharibi, kiongozi wa upinzani Rainer Barzel alitaka kumwondoa Kansela Willy Brandt. Zilihitajika kura 249, na kwa hesabu za watu alikuwa nazo. Kura ikapigwa kwa siri, akapata 247. Baadaye ikabainika kwamba Stasi, idara ya ujasusi ya Ujerumani Mashariki, ilikuwa imenunua kura. Kijinchi chenu hakina majasusi, lakini kina waziri wa fedha anayeweza kuahidi cheo cha ubalozi. Kura ya wazi hufanya ahadi kama hizo zionekane.

Kuna aina moja tu ya kijinchi ninayoweza kuiruhusu siri: kile ambacho wabunge wake ni wanafunzi na waziri mkuu ni mwalimu wao. Hapo sina la kusema.

Hatua ya saba: kuhesabu na kutangaza

Hii ni fupi. Karani aandike orodha ya majina, mbele ya kila jina kura na saa iliyoingia. Pande zote mbili zitoe shahidi mmoja. Orodha iwekwe mbele ya wabunge kabla Spika hajafungua mdomo, wapewe saa 24 za kupinga makosa ya hesabu, siyo kubadili mawazo. Kisha Spika atangaze kwa tarakimu. Ile kauli ya bungeni ya "nadhani waliosema ndiyo wameshinda" ina raha yake ukumbini, ambako sauti inasikika. Kwenye maandishi haifai, hakuna cha kudhani.

Hatua ya nane: kesho yake

Nchi kubwa ikibadilisha serikali, waziri mkuu hukabidhi ofisi. Kijinchi kikibadilisha serikali, kinachokabidhiwa ni maneno ya siri. Tovuti imesajiliwa kwa jina la nani? Barua pepe ya serikali inafunguka kwa namba ya simu ya nani? Nani ni msimamizi wa kundi, na anaweza kuwatoa wengine? Hazina imo kwenye M-Pesa ya nani? Nimeona kijinchi kilichopiga kura safi, kikahesabu safi, kikatangaza safi, halafu waziri mkuu aliyeshindwa akabaki peke yake na funguo zote. Hakugoma. Alisema tu "nitatuma jioni", jioni kwa jioni.

Kwa hiyo kabla ya kura yoyote ya imani, karani awe na orodha iliyofungwa ya vitu hivi vyote, na kila kitu kiwe na wasimamizi wawili, mmoja wao asiwe mtu wa serikali. Mpeni aliyeshindwa muda. Tanzania inampa Waziri Mkuu siku mbili za kujiuzulu, na siku mbili zinatosha kubadilisha neno la siri. Hazina ihamishwe kwa ushahidi wa watu watatu hata kama ni shilingi elfu nne. Zetu zilikuwa elfu nne na mia mbili, na zilizua barua tatu.

Wakati huo nani anatawala? Hapa chagueni moja kati ya mbili. Mnaweza kufuata Talossa: bunge linavunjika na watu wanarudi kwenye uchaguzi. Ni safi, lakini inachosha, na wabunge wakijua kwamba hapana yao inawagharimu viti vyao wenyewe watasita. Au mfuate Wajerumani, ambao baada ya misukosuko ya kabla ya Hitler waliandika kwamba bunge haliwezi kumwondoa kansela bila kumtaja mrithi katika kura hiyohiyo. Ndivyo Helmut Kohl alivyochukua nafasi ya Helmut Schmidt tarehe 1 Oktoba 1982, katika kura hiyohiyo iliyomwondoa, bila siku hata moja ya ombwe. Kwa kijinchi chenye watu chini ya 30 nawashauri njia hii. Watu wengi wanajua wasiyemtaka. Ukiwalazimisha kumtaja wanayemtaka, nusu ya hoja hufa zenyewe, na zinazobaki zina mtu aliye tayari kufanya kazi.

Mkichagua uchaguzi, serikali inayosubiri iwe ya mpito na mikono yake ifungwe: isitoe uraia mpya, isiguse kanuni za uchaguzi, isitumie hazina isipokuwa kulipia tovuti, isimtoe mtu kundini. Hilo la uraia ndilo kubwa zaidi. Serikali iliyokataliwa Jumapili ikiandikisha binamu kumi Jumatatu, uchaguzi umekwisha kabla haujaanza.

Jambo jingine la kesho yake ambalo nchi kubwa hazilijui: raia wa kijinchi akichukia anaondoka kwa kubonyeza mara mbili. Talossa yenyewe iligawanyika mwaka 2004, kundi la raia likajitenga na mfalme Robert na kutangaza jamhuri. Mfalme akaachia kiti mwaka uliofuata, lakini jamhuri na ufalme viliendelea kuishi mbalimbali hadi vilipoungana tena mwaka 2012. Miaka minane, kwa nchi iliyoanzia chumbani! Kwa sababu hiyo wapeni walioshindwa kitu cha kushika. Kwetu kiongozi wa upande ulioshindwa huwa mwenyekiti wa kamati ya hesabu bila kupigiwa kura. Hakuna aliyekwisha kuondoka tangu tuanze hivyo, ingawa mmoja hutishia kila mwezi wa Ramadhani ukikaribia.

Na wale mawaziri wakuu wetu wawili? Siku ya nne yule mpya alijiuzulu mwenyewe, kwa kuwa mdogo wake alikuwa anaoa Pangani na hakuwa na muda wa kubishana. Yule wa zamani akabaki, tukamlazimisha aongeze kifungu cha kura zikilingana na kifungu cha saa. Neno la siri la barua pepe, ambalo mpya alikuwa ameshalibadilisha, alilituma wiki tatu baadaye, toka harusini, likiwa limekosewa herufi moja.